William Osler: Daktari aliyesoma damu ya tumboni kwenye midomo ya mgonjwa

Mwaka 1901, daktari William Osler alichapisha habari za wagonjwa watatu katika jarida la Hospitali ya Johns Hopkins, mjini Baltimore, Marekani. Wote walikuwa wakitokwa damu puani mara kwa mara, bila kupigwa wala kuanguka. Wawili kati yao walikuwa ndugu. Na wote walikuwa na vidoa vidogo vyekundu kwenye ngozi na kwenye utando laini wa ndani, alama ambazo daktari mwenye haraka angeziona na kuzipita.

Osler hakuzipita. Vidoa vile vilikuwa vishipa vya damu vilivyoumbwa vibaya: vimetanuka, kuta zake ni nyembamba, na kuguswa kidogo tu vinapasuka. Damu ya puani ilikuwa ni sehemu inayoonekana. Vishipa vya namna hiyo hiyo huota pia kwenye mfuko wa chakula na kwenye utumbo mwembamba, mahali ambapo wakati ule hapakuwa na chombo cha kumwezesha daktari kupaona kwa mtu aliye hai.

Ugonjwa huo leo unaitwa kwa majina ya madaktari watatu: Osler, Weber na Rendu. Katika watatu hao, anayejulikana zaidi duniani ni Osler, na njia iliyomfikisha kwenye midomo ya wagonjwa wale ilianza mbali, katika kijiji cha Bond Head, Kanada.

Alizaliwa huko Julai 12, 1849. Baba yake, Featherstone Osler, alikuwa mchungaji wa Kianglikana aliyetoka Uingereza kuhudumia walowezi wa msituni, na familia ilikuwa kubwa. William alikuwa mtoto mtundu, kiasi cha kufukuzwa shule moja. Nia yake ya kwanza ilikuwa kumfuata baba yake katika uchungaji. Aliyempindua ni mwalimu wake, mchungaji William Johnson, ambaye alikuwa na hadubini na mazoea ya kuwachukua wanafunzi kwenda kuokota wadudu, mawe na maji ya madimbwi ili wakayatazame. Kijana akaonja raha ya kuona kisichoonekana, na uchungaji ukasahaulika.

Alihitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, mwaka 1872, kisha akaenda Ulaya kujiongezea elimu London, Berlin na Vienna. Akiwa London aliweka damu chini ya hadubini na kuzichunguza chembe sahani, zile ndogo zinazosaidia damu kuganda. Hakuwa wa kwanza kuziona. Alichoonyesha yeye ni kwamba damu ikiwa bado ndani ya mshipa, chembe hizo huelea moja moja, na ikishatolewa nje hushikamana. Alikuwa bado hajatimiza miaka 25.

Aliporudi Montreal kufundisha, alipewa wodi ya ndui, kazi ambayo wengi waliikwepa. Yeye mwenyewe aliambukizwa, akapona. Mshahara wa wodi ile akaununulia hadubini kwa ajili ya wanafunzi wake, kwa sababu chuo hakikuwa nazo za kutosha. Katika miaka hiyo hiyo alifanya uchunguzi wa maiti zaidi ya 700 na kuuandika kwa mkono wake. Huko ndiko alikojifunza tofauti iliyopo kati ya ugonjwa ulioandikwa kwenye cheti na ugonjwa uliomwua mtu.

Mwaka 1884 aliitwa Philadelphia, na huko akakutana na jambo ambalo msomaji wa Afrika Mashariki atalielewa bila kuelezwa sana. Madaktari wa Marekani walikuwa wakiita karibu kila homa malaria. Mfaransa Alphonse Laveran alikuwa ameona vimelea vya malaria kwenye damu ya wagonjwa nchini Algeria mwaka 1880, na wengi walimbishia. Osler naye alibisha mwanzoni. Mwaka 1886 akakaa na hadubini yake, akapima damu ya wagonjwa mmoja baada ya mwingine, akaviona vimelea, akaandika kwamba Laveran alikuwa sahihi. Tangu hapo alishikilia kwamba homa isiitwe malaria mpaka damu ipimwe, kwa kuwa nyingi zilizoitwa hivyo zilikuwa homa ya matumbo.

Miaka 2 baadaye, mwaka 1888, aliandika juu ya familia moja ambayo watu wake walikuwa wakivimba ghafla, uso, mikono, na wengine wakishikwa na msokoto mkali wa tumbo, kisha uvimbe ukapotea wenyewe. Alifuatilia habari zao katika vizazi vitano. Hapo inaonekana tabia yake iliyokuja kuzaa taarifa ya 1901: mgonjwa akiwa mmoja, Osler aliuliza habari za mama, mjomba na babu.

Hospitali ya Johns Hopkins ilipofunguliwa mwaka 1889, ndiye aliyekuwa mganga mkuu wake. Akawatoa wanafunzi kwenye kumbi za mihadhara na kuwapeleka kando ya kitanda. Walitakiwa kumwuliza mgonjwa maswali, kumtazama ulimi, kucha, macho na ngozi, kumpapasa tumbo, na ndipo waende maabara. Leo kila mwanafunzi wa udaktari, awe Muhimbili, Makerere au Nairobi, hupita katika desturi hiyo, ingawa ni wachache wanaojua nani aliipa nguvu.

Mwaka 1892 ulikuwa na mambo mawili makubwa kwake. Alimwoa Grace Revere Gross, mjane wa daktari mwenzake, na akatoa kitabu chake cha tiba, ambacho kilitumiwa na madaktari wa nchi nyingi kwa miongo kadhaa. Kitabu hicho kilikuwa na ukweli ambao wauza dawa hawakuupenda: kwa magonjwa mengi Osler alieleza dalili kwa undani, kisha akakiri kwamba dawa ya kuyaponya haipo. Mwaka 1897 kilisomwa na Frederick Gates, mshauri wa tajiri wa mafuta John D. Rockefeller. Gates hakuwa daktari. Alichokiona ni pengo, akamshawishi tajiri wake atoe fedha za utafiti, na mwaka 1901 Taasisi ya Rockefeller ya Utafiti wa Tiba ikaanzishwa.

Ni mwaka huo huo wa 1901 alipotoa ile taarifa ya kutokwa damu puani kifamilia.

Haki inataka isemwe kwamba wengine walimtangulia. Mwingereza Benjamin Babington aliandika mwaka 1865 juu ya damu ya pua inayorithiwa. Mfaransa Henri Rendu, mwaka 1896, alieleza mgonjwa mwenye damu ya pua na vidoa vyekundu, akasema wazi kwamba huyu hana hemofilia. Osler aliunganisha mambo matatu: damu, vidoa na familia. Frederick Parkes Weber wa London akaongeza wagonjwa wengine mwaka 1907, na Mmarekani Frederick Hanes akaupa ugonjwa jina lake la kitaalamu mwaka 1909. Osler mwenyewe aliurudia tena mwaka 1907, katika jarida jipya alilosaidia kulianzisha Uingereza.

Tofauti na hemofilia si ya vitabuni tu. Mwenye hemofilia, damu yake haigandi inavyotakiwa. Mwenye ugonjwa wa Osler, damu ni nzima, mshipa ndio mbovu. Dereva wa lori angesema dizeli ni safi, mpira wa kuipitisha ndio uliochanika. Kumpa mgonjwa wa pili dawa za yule wa kwanza hakuzibi ufa. Na kwa urithi pia hayafanani: hemofilia kwa kawaida huwapata wanaume, wakati ugonjwa wa Osler huwapata wanaume na wanawake sawasawa, na kila mtoto wa mzazi mwenye nao ana nafasi nusu kwa nusu ya kuurithi.

Hukadiriwa kwamba mtu mmoja kati ya 5,000 hivi anao. Miongoni mwa watu wenye asili ya Afrika wa visiwa vya Curaçao na Bonaire, katika bahari ya Karibi, idadi ni kubwa kuliko hiyo, kwa hiyo anayedhani ni ugonjwa wa Wazungu amekosea. Kwenye ngozi nyeusi vidoa havionekani kirahisi, ndiyo maana daktari mwangalifu huangalia ndani ya midomo, kwenye ulimi na ncha za vidole.

Damu ya puani humwudhi mtu tangu utotoni au ujanani. Ya tumboni kwa kawaida huchelewa, mara nyingi mpaka mgonjwa amevuka miaka 40 au 50, na hutoka zaidi kwenye mfuko wa chakula na mwanzo wa utumbo mwembamba. Haina maumivu. Hudondoka kidogo kidogo, hupikwa na tumbo njiani, na ikifika chooni ama imekuwa nyeusi kama lami, ama haionekani kabisa. Mgonjwa anachoona ni kuchoka, kuhema akipanda ngazi, mapigo ya moyo kwenda mbio, viganja kupauka.

Kwa mfanyabiashara anayeishi kati ya Namanga, Busia, Mutukula na Rusumo, hapo ndipo mtego ulipo. Anapimwa mji mmoja, anaambiwa damu ni pungufu, anapewa vidonge vya madini ya chuma. Baada ya miezi miwili yuko nchi nyingine, damu imeshuka tena, anaambiwa ni malaria au minyoo ya safura. Safari ya tatu ni vidonda vya tumbo. Kila daktari anaanza upya, kwa sababu kadi ya hospitali ilibaki nyumbani au daftari liliandikwa mwandiko usiosomeka. Malaria na safura kweli hupunguza damu, na katika ukanda huu ndizo za kushukiwa kwanza. Lakini damu inayoshuka mara ya tatu baada ya minyoo kutibiwa inadai swali la Osler: inavuja wapi, na nani mwingine katika ukoo anatokwa damu puani? Swali hilo halihitaji mashine. Majibu yakikosa kuandikwa na kubebwa kuvuka mpaka, hupotea.

Kuna jambo dogo linalowachanganya wengi. Vidonge vya chuma navyo huufanya uchafu wa choo kuwa mweusi, hivyo weusi peke yake si ushahidi. Maabara hupima kama kuna damu iliyofichika. Jingine ni dawa za maumivu. Mtu aliyekaa kwenye basi saa 14 na mizigo huweza kununua diklofenaki, ibuprofeni au aspirini kila wiki bila kumwuliza mtu. Kwa mwenye vishipa dhaifu tumboni, dawa hizo ni kama kuongeza tundu kwenye ndoo inayovuja.

Vishipa vibovu vya utumbo haviji kwa urithi peke yake. Wapo wanaoota navyo uzeeni, na wapo wenye ugonjwa sugu wa figo au moyo wenye vali iliyokaza ambao huvipata zaidi. Daktari Mmarekani Edward Heyde aliandika juu ya uhusiano huo wa vali ya moyo na damu ya tumboni mwaka 1958. Hao huenda wasiwe na vidoa midomoni wala ndugu anayetokwa damu puani, na kuwagundua ni kazi zaidi.

Ugumu unatokana na mahali penyewe. Utumbo mwembamba una urefu wa mita 6 hivi, umejikunja, na uko katikati. Mpira wenye kamera unaopitishwa kinywani hufika mwanzo wake tu. Unaopitishwa nyuma hukagua utumbo mpana na kugusa mwisho wa ule mwembamba. Katikati palibaki giza karibu karne nzima baada ya taarifa ya Osler. Mwaka 2000 ndipo ilipotangazwa kamera ndogo ya kumezwa kama kidonge, iliyobuniwa na mhandisi Mwisraeli Gavriel Iddan, na mwaka 2001 ikaruhusiwa kutumika Marekani. Mgonjwa huimeza akiwa na njaa, hupiga maelfu ya picha kwa saa kadhaa huku ikisukumwa na utumbo wenyewe, kisha hutoka chooni. Mwenye utumbo uliobana mahali hapaswi kupewa, maana inaweza kukwama. Wakati huo huo Mjapani Hironori Yamamoto alitengeneza mpira mrefu wenye maputo mawili, ambayo hujazwa hewa na kupunguzwa kwa zamu ili kuuvuta utumbo kama mkono wa kanzu unavyokunjwa, mpaka kamera ifike ndani kabisa.

Kamera ya kidonge huona tu. Mpira wa maputo huona na kutibu: mshipa unaovuja huchomwa kwa umeme unaopitishwa kwenye gesi ya argoni, au hubanwa kwa kibanio. Tatizo ni kwamba vingine huota, na mgonjwa hurudi. Kwa hiyo nguzo ya kwanza ya tiba bado ni ya kawaida kabisa, kumrudishia mgonjwa madini ya chuma, kwa vidonge au kwa dripu vidonge vikishindwa, na kumwongezea damu inapolazimu. Kwa wanaovuja sana zipo dawa za kupunguza uotaji wa vishipa, kama bevasizumabu, ambazo ni ghali na zinataka uangalizi wa bingwa. Vifaa hivi haviko katika kila hospitali ya mkoa au kaunti, na hiyo ni sababu nyingine ya kwenda ukiwa na maelezo kamili, ili rufaa isicheleweshwe na maswali yaliyokwisha kujibiwa.

Mwenye ugonjwa wa Osler akithibitishwa, mapafu yake nayo hukaguliwa. Mishipa mibovu ya huko huweza kupitisha damu iliyoganda au vijidudu hadi kwenye ubongo. Ndugu na watoto huulizwa na kupimwa. Tangu miaka ya 1990 jeni zinazohusika zinajulikana, lakini daktari asiye na maabara ya jeni bado anaweza kufikia uamuzi kwa ishara nne: damu ya puani inayojirudia, vidoa, mishipa mibovu ya ndani, na mzazi, ndugu au mtoto mwenye ugonjwa huo. Zikipatikana tatu, jibu limepatikana. Mbili kati ya nne hupatikana kwa kuuliza tu.

Osler hakuishi kuyaona haya. Mwaka 1905 aliondoka Baltimore kwenda kuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Oxford. Kabla ya kuondoka alitoa hotuba ya kuaga na kutania, kwa mfano wa riwaya ya Anthony Trollope, kwamba wanaume wakifika miaka 60 wastaafu na kulazwa usingizi wa milele kwa klorofomu. Magazeti yakauchukua utani kama sheria. Kelele zilikuwa kubwa, naye aliyezoea kupendwa na kila mtu akaumia. Oxford ilimpokea vizuri, na mwaka 1911 Mfalme akampa cheo kilichomfanya aitwe Sir William.

Yeye na Grace walikuwa wamempoteza mtoto wao wa kwanza akiwa mchanga, mwaka 1893. Wa pili, Revere, alizaliwa mwishoni mwa 1895 na ndiye pekee aliyekua. Hakurithi hamu ya udaktari. Alipenda kuvua samaki, kuchora na kukusanya vitabu, na baba yake alifurahia vitabu hivyo kuliko jambo jingine lolote. Vita Kuu ya Kwanza ilipokuja alijiunga na kikosi cha mizinga.

Agosti 29, 1917, karibu na Ypres nchini Ubelgiji, Revere alipigwa na vipande vya kombora kifuani, tumboni na pajani. Habari zilimfikia Harvey Cushing, daktari bingwa wa upasuaji aliyefanya kazi karibu na Osler huko Baltimore na ambaye sasa alikuwa na jeshi la Marekani upande huo wa vita. Alikwenda usiku ule ule. Kijana alikuwa bado na fahamu. Madaktari wa Kimarekani walimwongeza damu na kumfungua tumbo karibu saa sita ya usiku, wakakuta utumbo mpana umetoboka na mishipa inayolisha matumbo inavuja. Walifanya lililowezekana. Alifariki alfajiri ya Agosti 30, akiwa na miaka 21, akazikwa huko huko Ubelgiji.

Osler aliendelea na kazi mchana na kupokea wageni kama kawaida. Waliokuwa karibu naye walijua kwamba usiku alikuwa akilia. Alijishikiza kwenye orodha ya maktaba yake, vitabu karibu 8,000 vya historia ya tiba, ambavyo aliamua viende McGill alikosomea. Orodha hakuimaliza. Nimonia ilimshika mwaka 1919, akafuatilia dalili zake mwenyewe siku hadi siku na kujua mapema kwamba hataamka. Alifariki Desemba 29, 1919, mjini Oxford, akiwa na miaka 70. Cushing aliandika maisha yake kwa ombi la Grace, na kitabu kikatoka mwaka 1925. Orodha ya maktaba ilikamilishwa na wengine, vitabu vikasafirishwa kwa meli hadi Montreal, na chumba chake kikafunguliwa mwaka 1929. Majivu ya Osler yamewekwa humo, katikati ya rafu.